Kuku Waliorudi Ilongero

Kwa miaka tisa, kila Jumatatu, Anifa alipanda bodaboda kutoka Singida mjini kwenda Ilongero kununua kuku wa kienyeji. Hakuwa akishuka. Alikaa juu ya pikipiki inayounguruma, akapapasa kifua cha kuku, akataja bei, akaondoka. Wanawake wa kijijini walimbandika jina la Mama Haraka. Alilisikia, akacheka. Haraka hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake mzee tangu mumewe alipofariki. Matenga yalipakiwa kwenye basi la Dar es Salaam, na kuku wakaishia majikoni mwa hoteli za watalii.

Aprili 2020, korona ilipoingia, hoteli zikanyamaza.

"Dada Anifa, usilete hata mmoja," mnunuzi wake alimwambia kwenye simu. "Wageni hakuna. Hata sisi tumerudishwa nyumbani."

Uani kwake walikuwapo kuku mia moja na arobaini. Sokoni watu waligombania malimau na tangawizi, kuku hawakuulizwa. Siku ya nne pumba zikaisha. Siku ya tano wakaanza kufa kwa kubanana.

Ndipo akamkumbuka Marietha, mjane wa Ilongero mwenye zizi lisilo na ng'ombe. Huyo ndiye ambaye Anifa alimpunja kuliko wote, maana hakuwa mbishi wa bei.

Alimkuta akipepeta mtama. Safari hii alishuka, akaweka barakoa sawa, akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mama."

Marietha akaweka ungo chini. Miaka tisa hakuwahi kupewa salamu ile. "Marahaba. Kuna msiba?"

"Kuku wananifia. Sina pa kuwapeleka."

Yule mama alijipangusa makapi mikononi. "Walizaliwa hapa, walete. Mimi na wenzangu tutawatunza. Vifaranga watakaopatikana, nusu yetu. Na hoteli zikifunguliwa, bei tutaipanga kwa kukaa chini, wewe na sisi."

Miezi miwili nyuma Anifa angecheka. Sasa alisema tu, "Nimekubali," na machozi yakailoanisha barakoa.

Akawa anakuja na kukaa. Alijifunza kutenga kuku wanaoatamia, akala ugali wa mtama kwa mlenda, akajua nani kafiwa na nani kajifungua. Hoteli zilipoanza kuita tena, kuku walikuwa wamepita mia tatu. Bei aliyowalipa akina Marietha ilipanda, na faida ya Anifa kwa kila kuku ikapungua. Lakini hakuzunguka tena nyumba kwa nyumba. Alikuta mzigo umekusanywa, wenye afya, na njiani walikufa wachache.

Wanawake wale waliotunza kuku walikuwa wamezoea kukaa nyuma kwenye mikutano ya kijiji. Mwaka 2024 walimsukuma Marietha agombee nafasi katika serikali ya kijiji.

"Anajua nini zaidi ya kuku?" mzee mmoja alimkejeli hadharani.

"Najua kukaa na watu mpaka tukaelewana," Marietha alijibu. Kura zilipohesabiwa, akapita.

Jambo la kwanza alilolidai lilikuwa siku ya chanjo ya kideri, ugonjwa unaofagia banda zima kwa juma moja. Asubuhi hiyo watu walikuja hata kutoka vitongoji vya mbali, kuku kwapani, wakapanga foleni ndefu. Anifa alifika na basi la kwanza. Alimshika tetea mwekundu mabawa, akamgeuza kichwa taratibu, na Marietha akamdondoshea tone moja la chanjo jichoni.

"Mwingine," Marietha akaita, na foleni ikasogea.