Pembe za Kondoo kwenye Baiskeli Yangu

Baiskeli ile ilikuwa yangu. Ya kukunja, magurudumu madogo, ilivuka ziwa kutoka Kigoma, na mimi njo niliinunua kwa faida ya ndagala, samaki wadogo wa ziwani ninaouza. Asubuhi mutoto mgongoni, ndoo nyuma, nafika ufukweni kabla wachuuzi wenzangu hawajamaliza kununua ndagala nzuri. Nikirudi naikunja, naisukuma chini ya kitanda. Basi.

Bwana yangu anafanya kazi kwenye reli, maana yake anangoja treni. Katika kungoja huko akaangalia mashindano ya baiskeli kwenye simu. Siku moja natoka kanisani, nakuta ameng'oa gido yangu, usukani ule ulionyooka, na kufunga nyingine, imepinda chini kama pembe za kondoo dume. Breki kaziweka kwenye ncha kabisa.

"Sasa utakata upepo, Mama," akasema, mikono imejaa grisi.

"Nani alikuambia upepo unanisumbua?"

Haikukunjika tena. Pembe moja ilichoma gurudumu kila nilipojaribu. Ikasimama katikati ya chumba, tukawa tunaizunguka kama mugeni asiyeaga.

Kesho yake nikafunga mutoto na kitenge, nikapanda. Ili nifikie breki ilibidi niiname mpaka kidevu kikaribie tairi. Na mutoto wa kwetu anajua: mama akiinama, ni kubebwa au kushushwa. Wangu akadhani tumefika. Akasukuma kwa miguu, akatokea juu ya bega, akanishika masikio.

"Mama, umepoteza nini chini?" muuza mikate mumoja akaniuliza.

"Bwana! Lakini simtafuti."

Ufukweni nikakuta ndagala zimebaki makombo. Wenzangu walicheka hadi wakakalia ndoo zao.

Nyumbani nilipiga kelele, majirani ni mashahidi.

"Baiskeli ni nzuri," bwana yangu akasema. "Wewe njo hujui kuiendesha."

"Vizuri, Papa. Geuka."

Nikamufunga mutoto mgongoni mwake, kwa kitenge changu cha maua. Akapanda baiskeli, akainama kama wale wa kwenye simu. Walipofika bombani, mbele ya wamama wote na mabido yao ya kuchotea maji, mutoto alikuwa amekaa shingoni, amemuziba macho kwa mikono miwili, na bwana yangu anapiga kelele, "Mama! Mama!" Sijui aliita mimi au aliyemuzaa.

Gido ya zamani alikuwa amempa rafiki yake wa kazini. Aliifuata jioni ileile, kwa miguu, akarudi kabla sijaepua sufuria ya bukari, ugali wetu wa jioni.

"Ameitumia kuanikia samaki," akalalamika. "Inanuka."

"Ifunge hivyohivyo," nikamwambia.