Blanketi Lililooshwa Nusu

Enzi zetu hakuna mtoto aliyelala peke yake, isipokuwa mwenye tetekuwanga. Najua mtauliza kijana kama mimi, ambaye ndevu zake bado zinahesabika, ana enzi gani. Lakini ninyi wa rika langu mliokulia huku kwetu Meru mnanielewa. Ninyi mliorudi nyumbani na magoti meusi kwa kucheza bano, zile gololi za kioo, mkanywa uji wa wimbi kwa kikombe cha plastiki kilichopinda mdomo kwa sababu mtu alikisahau karibu na jiko. Baridi ya Julai ilishuka kutoka mlimani ikaingia nyumbani bila kubisha hodi. Ndugu yako ndiye aliyekuwa jiko lako.

Mimi, Mutuma, nililala na kaka yangu Koome. Godoro letu lilikuwa la sponji, limebonyea katikati hadi likafanya bonde. Hata mkilala kila mtu ukingoni kwake, asubuhi mlijikuta mmekutana bondeni. Na asubuhi nyingine bonde hilo lilikuwa na maji, na paa letu halikuwa linavuja.

Nani alikuwa ameleta maji hayo? Koome alisema ni mimi. Mimi nilikuwa mtoto wa haya. Mtu akinisemesha nilimjibu nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Kwa hiyo nilisema ni Koome, lakini kwa sauti ambayo hata Koome mwenyewe hakuisikia. Mama alikuja akaangalia, akatingisha kichwa. Ushahidi wote ulikuwa bondeni, na bonde halikuwa la mtu. Basi tulibeba godoro wote wawili, tukaliegemeza kwenye ua, na watoto wa jirani wakipita kwenda shule walitusalimu kwa heshima zaidi kuliko siku nyingine.

Sasa, mama alikuwa na rafiki, fundi wa cherehani aliyeshona sare za shule pale Kaaga. Kaaga mnaijua, ukitupa jiwe linaangukia shule. Kwa fundi huyo kulikuwa na mabaki ya vitambaa vya kila rangi: kijani, buluu, kijivu, miraba miraba, na ile nyekundu nzito tunayoiita damu ya mzee. Alimpa mama gunia zima. Mama akaamua kutushonea blanketi la viraka. Juu lingekuwa na viraka vya sare, katikati blanketi kuukuu lililochoka maisha, na chini leso za cucu.

Cucu alikuwa mama yake baba, na aliishi nasi. Alikubali kusaidia kushona. Shida ilianza mama alipojaza maji kwenye karai, akatia chumvi, akaanza kuloweka vile vipande. Cucu akauliza ni nani aliyevichafua. Mama akasema hakuna, ila kitambaa kipya huoshwa kabla ya kushonwa, ili kama ni kurudi na kupungua kirudi mapema, na kama ni kuchuja rangi kichuje kwenye karai, si kitandani.

Cucu alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kuku huoshwa meno.

"Nguo mpya ina joto lake la dukani," akasema. "Ukiiosha, hilo joto unalimwagia migomba."

"Lakini Mami, hii damu ya mzee itachuja."

"Hata mimi ningechuja, nikilowekwa chumvini bila kosa."

Jambo hilo lilitoka kwa mlango wetu likazunguka mtaa. Wanawake waliokuja kuomba moto waliulizwa wako upande gani. Mmoja alisema nguo isiyooshwa huwasha. Mwingine akasema blanketi la zawadi halioshwi, maana mtu akipewa zawadi anataka kusikia ikilia kama karatasi. Baba alipoulizwa, akakumbuka kwamba ana ng'ombe wa kulisha.

Mwishowe walikata shauri. Kila mmoja angeshona nusu yake kwa njia yake, kisha wangeziunganisha katikati. Mama aliosha vipande vyake, akavianika, akavipiga pasi ya makaa. Cucu alitoa vyake kwenye gunia vikiwa vikavu na vigumu, akashona akiimba. Kwenye kimojawapo kulikuwa na mfuko wa shati ambao fundi alikuwa ameukosea, naye hakuutoa. Alisema hakuna tajiri aliyewahi kulala na blanketi lenye mfuko. Koome aliuona akauwekea mandazi siku hiyo hiyo.

Tuliliita Shule Zote. Lilikuwa zuri, nisiwadanganye. Nusu ya mama ilikuwa laini kama sikio la mbuzi. Nusu ya cucu, ukigeuka, nyumba nzima ilisikia umegeuka.

Halafu ikaja habari ya harusi. Mama mdogo, yaani dada mdogo wa mama aliyekaa Embu, alikuwa anaolewa. Sisi tungelala kwake, na kwake kulikuwa na godoro jipya ambalo bado lilikuwa kwenye plastiki. Mama akatuita. Akasema hatabeba kikojozi kwenda kuwaonyesha watu wa kwao. Kikojozi angebaki nyumbani na cucu, ale githeri, asikie habari za harusi wengine wakirudi. Alichotaka kujua tu ni yupi.

Mimi sikuwa nimewahi kuvuka mto Thuchi kuingia Embu. Nilikuwa nimeambiwa kuna keki ya ghorofa, na soda, na kwamba Embu watoto wa harusi huruhusiwa kukaa hemani. Usiku niliota keki. Na kuota, mnajua, ndiko kulikokuwa na hatari.

Cucu akasema mama asisumbuke, blanketi lenyewe litasema. Nusu yake haikuoshwa. Atakayeilowesha, rangi itamwandika.

Koome alikuwa mwepesi wa akili. Cucu hakuwa amemaliza kusema, naye alikuwa ameshalala upande wa mama. Mimi nikamrukia. Tukavutana, nikamuuma kiwiko, akanivuta sikio.

"Asiye na neno hachagui upande," cucu akasema kutoka mlangoni.

Tukaachana. Kisha tukaanza kupigania upande wa cucu. Koome alisema yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo damu ya mzee ni haki yake. Mimi nilisema kwa sauti yangu ile isiyosikika kwamba nguo ngumu hunipa usingizi. Mama alizima taa tukiwa bado tunavutana.

Tulikaa wakavu siku kadhaa, hata mama akaanza kututazama kwa upendo. Lakini asubuhi moja, harusi ikiwa imekaribia, bonde lilikuwa na maji, nalo blanketi limepinduka, viraka vikiwa upande wetu.

Mama alifungua dirisha ili aone vizuri. Koome alikuwa na goti la damu ya mzee, na miraba miraba tumboni kama daftari la hesabu. Mimi sikuwa na alama miguuni wala tumboni. Nilikuwa na sikio moja jekundu na pua ya kijani.

Mama aliliangalia sikio langu kwa muda mrefu. "Wewe," akauliza polepole, "unakojoa na sikio?"

Cucu alicheka mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaanguka. Kisha wakaanza tena. Mama alisema sasa kila mtu ameona, nusu yake haijatoa hata tone la rangi. Cucu akasema nusu yake ndiyo imefanya kazi, ile ya mama imelala tu. Walibishana hapo juu ya vichwa vyetu, na sisi tumesimama na rangi zetu kama bendera, mpaka mama akakumbuka kilichomleta.

"Basi," akasema, "kama sijui ni nani, mtabaki wote."

Nilisikia uji ukichemka. Shati la Koome la harusi lilikuwa limetundikwa ukutani, alilipiga pasi mwenyewe mara nyingi hata kola ikaanza kung'aa.

Koome akaangalia lile shati. Akasema, "Ni mimi, mama. Mutuma aende."

Mpaka leo sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba mimi ambaye sikuwahi kujibu mtu nikimtazama usoni, nilimtazama mama usoni, na pua yangu ya kijani.

"Ni mimi," nikasema, na mara hii mpaka baba kule zizini alisikia.

Koome akaniambia ninyamaze, mimi sijui chochote. Nikamwambia nyamaza wewe. Mama akatugeuzia mgongo, akaelekea ukuta, mabega yake yakitingishika.

"Jana sikuwa na kikojozi hata mmoja," akasema alipoweza. "Leo wananigombania. Mtaenda wote. Lakini huko Embu, mtu asiguse soda."

Kabla ya safari aliliosha blanketi. Nusu ya cucu ikarudi vibaya sana. Blanketi likawa pana kama mkeka upande mmoja, na upande wa pili limejikunja kama mtu aliyemeza limau. Cucu alilizunguka, akalichunguza, akasema ni kama alivyoogopa: upande wa mama umepanuka.

Embu tulikaa hemani, Koome na mimi, tumevaa mashati yetu. Kreti za soda zilipita mbele yetu. Ninyi wa rika langu mnajua maana ya mtoto kukataa soda harusini. Binti aliyekuwa akigawa alirudi kwetu tena na tena, akadhani tunaona haya. Mwishowe aliinama akauliza kama kanisa letu linakataza. Koome akasema ndiyo, linakataza, na keki pia kama ina maji mengi. Tulimeza mate. Asubuhi godoro la mama mdogo lilikuwa kavu kama uwanja wa Januari, na mama akatembea kwao amenyoosha shingo.

Siku hizi mambo yamekuwa rahisi. Blanketi linanunuliwa mjini likiwa kwenye mfuko wenye zipu, hakuna anayeuliza kama lilioshwa. Koome sasa ana mvulana wake, na mtoto huyo ana kitanda chake, godoro lenye plastiki, na taa ndogo yenye umbo la mwezi. Nikimsimulia kuhusu lile bonde ananihurumia, anauliza kwa nini hatukuomba kila mtu chumba chake. Juzi nililala kwao, nikamkuta asubuhi amekaa ukingoni mwa kitanda, shuka limelowa, anaangalia vidole vya miguu. Hakuwa na mtu wa kumsingizia. Wala hakukuwa na mtu kando yake wa kusema, ni mimi.

Nikakaa karibu naye, pale palipolowa, nikamwita baba yake aje aone nilichofanya.