Jiwe Lililorudi kutoka Maramba

Sikutoka Tanga kwa matembezi, nisije nikadanganya mtu. Mama yangu, ambaye miguu imemkataa tangu mfungo uliopita, alinitaka jambo moja tu: nikamwekee jiwe Mwanaidi. Huyo ndiye kifungua mimba wake, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka miwili, kwenye kambi ya shamba la mkonge njia ya Maramba. Mimi sikuwa nimezaliwa. Fundi wa Ngamiani alinitengenezea kibao cha saruji, akaandika jina kwa msumari kabla hakijakauka. Nikakitia kwenye buti ya gari, nikampandisha baba mbele, maana yeye ndiye aliyezika.

Saa moja asubuhi tulipita viwandani. Baba alikuwa akinionyesha kwa kidole: hapa sabuni, pale mbolea, kule chuma. Nilichokiona mimi ni mageti yaliyofungwa kwa minyororo na mbuzi wamelala kwenye kivuli cha kuta. Alivitaja kama vile king'ora kitalia sasa hivi watu waingie zamu. Roho iliniuma, nikakanyaga mafuta.

Muheza tulifika kabla ya saa tatu. Nilinunua machungwa, baba hakuonja hata moja. Ndipo aliponieleza kwamba pale kambini hakuna aliyeweka jiwe. Ukizika, unachukua mche wa mkonge, unaupanda kichwani mwa kaburi, basi. Hauhitaji maji, hauliwi na mbuzi. Na yeye alifanya hivyohivyo. Nikamwuliza atautambuaje mmoja katika shamba zima la mkonge. Akasema ataujua tu, kwa mkono wake aliupanda. Baba yangu mbishi, wallahi. Nikawasha gari.

Kutoka hapo ni vumbi mpaka mwisho. Kiwanda cha shamba lile tulikikuta hakina paa. Korona, ile mashine kubwa ya kukwangua majani ya mkonge, ilishang'olewa ikauzwa vyuma chakavu, limebaki jukwaa lake la saruji na mtu ameanika mihogo juu yake. Baba alilizunguka mara mbili.

Nyumba za kambi imesimama moja tu, anaishi Bi Mwanahawa, mjane wa Kidigo aliyemzidi baba umri. Baba mwenyewe alimpa shikamoo, nami nikafuata. Alitukaribisha chai ya mchaichai, akasikiliza shida yetu, kisha akaninong'oneza nisimwache mzee aende peke yake.

Nikaelewa tulipofika. Makaburi hayakuonekana. Kulikuwa na pori la mkonge, mkubwa kwa mdogo, umebanana hata kuku hapenyi. Shambani, mkonge hukatwa majani kila mara na kung'olewa ukizeeka. Ile ya makaburini haikuguswa na mtu. Kila mmoja ulitoa mlingoti wake mrefu wa maua, ukamwaga miche chini, ukafa, na miche nayo ikakua ikamwaga yake. Alama ya kila maiti ilizaa mpaka ikafukia alama za wenzake.

Baba alichomoa panga akaanza kukata. Alikata kwa kasi ambayo sikuijua, miiba ikimchana mikono. Nilipogeuka nikamwona anayafunga majani, thelathini thelathini, anayapanga kwenye mstari kama bado ni mkata mkonge anayengoja mnyapara aje kuhesabu. Nikamshika bega.

"Nilimwambia mama yako nitakuja kuukata kila mwaka," alisema. "Sikuja hata siku moja."

Akakaa chini palepale akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia, na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Bi Mwanahawa, aliyekuwa ametufuata polepole, alishauri tuliweke jiwe popote, Mungu anajua. Baba alikataa. Alisema hawezi kuandika jina la mwanawe juu ya mtoto wa mtu mwingine. Tukasoma Fatiha tukiwa tumesimama pembeni, tukaondoka.

 Alasiri tuliingia nyumbani, mama ameegemea mto, amejifunga kanga mpya.

"Limekaa vizuri?" aliuliza.

Nilimtazama baba. Baba alitazama ukuta.

"Limekaa, mama," nikasema.

Alifumba macho, akashukuru kwa muda mrefu. Nilidhani yamekwisha, na nikajiambia nimetenda wema. Safari ile ilinifunza kwamba mtu anaweza kupotea hata baada ya kuzikwa, na kwamba uongo wa kumpumzisha mgonjwa haumpumzishi anayeusema. Maana mama alifumbua macho, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sijaziona kwake tangu augue.

"Basi Ijumaa mnibebe," alisema. "Mnilaze kiti cha nyuma, nami nikalione."

Leo ni Alhamisi. Jiwe bado limo kwenye buti.