Marahaba Kabla ya Shikamoo

Semeni mtakavyo. Kaka yangu Bakari alishasema, wanawake wa msikitini wakasema, na nyinyi pia mtasema: alikuwa amevuta. Sijavuta! Ninauza bangi, tena kwa kibali, hapa Takoma Park, Marekani, karibu na stesheni ya treni, lakini kinywani mwangu haijawahi kuingia. Kwa hiyo nisikilizeni kama mnavyomsikiliza mtu mwenye akili zake timamu.

Mdogo wangu Mwanaidi alikuwa anatibiwa saratani. Dawa zilimkata hamu ya kula. Hata uji aliutapika. Daktari wake mwenyewe akasema bangi kidogo huenda ikamsaidia. Lakini alikuwa anaishi kwa Bakari, na Bakari akaapa haiingii nyumbani kwake. "Mtaniaibisha," akasema. Mtu anakwisha tunamwona, yeye anaogopa aibu!

Basi mchana mmoja, jua linawaka, nilikuwa peke yangu kaunta. Akaingia binti, kajitanda kanga juu ya koti. Nikajua huyu wa kwetu, mmoja wa hawa wanafunzi wanaokuja kusoma huku. Nikamwambia, "Mambo?"

"Marahaba," akajibu.

Nilicheka. Ningekuwa na binti, angekuwa rika lake. Marahaba gani, na nani kampa shikamoo?

Hakucheka. Akaonyesha chupa moja kwa kidole. Ilikuwa ile aina ambayo wateja wanaiita ya limau: maua ya kijani kibichi, nywele za rangi ya chungwa, unga mweupe unaonata vidoleni. Nikafungua, nikaanza maelezo yangu ya kila siku. Hii hailazi mtu, inachangamsha. Ukiinusa, kwanza unapata ganda la ndimu lililokwaruzwa sasa hivi, halafu kwa mbali kama pilipili manga.

Akainama, akavuta harufu, akafumba macho. "Ndiyo hii," akasema. "Tumbo likichafuka, harufu hii ndiyo inayotuliza. Mpelekee mwenzio."

"Mwenzangu nani?"

"Yule niliyemwacha hajanyonya."

Wallahi, chupa niliiweka chini. Mama yetu alifariki Tanga siku aliyomzaa Mwanaidi. Mimi nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni mimba ile ikimsumbua, naye kutwa anang'ata ganda la ndimu na kulinusa ili asitapike.

Wambui, Mkenya ninayefanya naye kazi, akatokea stoo. "Aunty, unaongea na nani? Ama umeanza kutest stock?" Nikageuka kumjibu. Niliporudisha macho, hakuna mtu, na kengele ya mlangoni haikulia. Juu ya kaunta palikuwa na ganda la ndimu bichi, limeng'atwa.

Sikumwomba Bakari ruhusa. Jioni ile niliingia kwake, nikaweka mezani bangi ya limau, na ganda kando yake, nikamsimulia habari za yule binti.

"Toa takataka hiyo!" akafoka. "Umeshavuta, sasa unaona majini!"

Kisha akaliona ganda. Akalishika, akaligeuzageuza. Alama za meno zilikuwa na mwanya mpana katikati. Bakari ndiye mkubwa wetu; mwanya wa mama anaukumbuka kuliko mimi. Aliinuka, akaenda chumbani kwa Mwanaidi, akamfungulia dirisha ili moshi upate pa kutokea.

Mwanaidi alikula wali na mchuzi, akaomba ukoko. Sisemi amepona. Nasema anakula. Na kazi yangu siachi, ng'o! Anayetaka kunisema aje dukani anisemee usoni.

Ila kuna jambo linaniuma. Mama alinipa marahaba yake, mimi nikamcheka, shikamoo sikumpa. Siku hizi kila binti anayeingia dukani, awe Mmarekani, awe Mkongo, namwamkia kwanza. Wambui anacheka mpaka anashika kaunta. Na acheke. Nyinyi je? Akitokea mtoto mdogo akawajibu marahaba, msimcheke. Mwamkieni upesi, kabla hamjageuza shingo.