Folda za Rula

Pale karakana ya miguu ya bandia walimwita Rula, na si kwa wembamba wake tu. Marehemu, Mungu amlaze pema, hakupenda kitu kilichopinda. Mgonjwa akija, alimpima, akampiga picha kwa kamera ya vipimo, akaweka kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mashine ya kuchonga ilikuwa mji mwingine. Mafundi wa huko walifungua faili hizohizo wakaanza kazi.

Sheria zake alizirudia mpaka zikamchosha mama wa plasta, fundi wa kumimina plasta aliyekaa meza ya pili.

"Usinitumie nakala, mama. Nitumie kiungo cha faili. Ukituma nakala, kesho tuna miguu miwili ya mtu mmoja."

"Si ndivyo watu walivyoumbwa?"

"Cheka tu. Na faili hii umeiita nini? 'Mpya ya mwisho kabisa'? Weka tarehe na namba ya mgonjwa. Ukiwa na swali, liandike pembeni mwa faili yenyewe, usilipeleke kwenye kundi la simu likamezwe na salamu za asubuhi."

Alikuwa na udhaifu mmoja. Karakana ilikuwa na hifadhi ya pamoja, isiyo mali ya mtu, naye hakuitumia. Folda zote alizifungua chini ya akaunti yake ya kazi, akawaruhusu wenzake kuingia. "Nikiziacha kule kila mtu atazichezea," alimwambia dada yake, mshonaji, aliyekaa naye nyumba moja. Dada hakuona ubaya. Mwenye kitu si ndiye anayekitunza?

Kisha kikaja kikohozi kisichosikia dawa. Siku aliyorudi na majibu ya hospitali, Rula alivua viatu polepole, akakaa kitandani, akafungua kompyuta kabla ya kusema daktari kasema nini. Hapo dada alijua.

"Mtu akiondoka kazini, makao makuu wanafunga akaunti yake, faili zake zisionekane tena," alisema bila kuinua macho. "Baada ya siku chache wanaifuta, na kila alichomiliki kinakwenda nayo. Watoto wote wamo humu, dada. Yule binti anayerudi kila mguu unapombana, vipimo vyake vyote tangu ajifunze kutembea."

"Si atapimwa upya?"

"Atapimwa mguu wa leo. Wa mwaka juzi utaupata wapi? Bila huo, daktari wake wa upasuaji hajui mfupa wa kigutu unakua kuelekea upande gani. Atakata kwa kubahatisha."

Mfumo haukumruhusu kuzikabidhi, wala kuzihamishia hifadhi ya pamoja, bila mkuu wa karakana kukubali. Mkuu hakuwa mtu mbaya, ila kila jambo kwake lilikuwa la kuangaliwa baadaye. Rula alianza na za watoto, akampigia mkuu, sauti ya simu ikajaa chumba.

"Pona kwanza, bwana! Mbona mimi faili zote naziona hapa?"

"Unaziona kwa sababu mimi nipo, mkuu."

Akasikika akibofya. "Haya, nimekubali folda. Tayari."

"Hiyo folda ni ganda. Faili za ndani bado ni zangu. Kila moja nimekutumia ombi lake."

"Nitaliangalia, ndugu yangu."

Tangu hapo, kila asubuhi Rula aliomba kompyuta kabla ya dawa. Alipoishiwa nguvu za kuishika, dada alimshikia. Mbele ya kila faili ya mtoto paliandikwa neno moja: Inasubiri. Dada aliomba Mungu ampe ndugu yake pumzi. Mara akajikuta anaombea kidole cha mkuu wa karakana. Aliona aibu, lakini hakuacha.

Rula alikata roho alasiri, kompyuta bado ina joto juu ya blanketi.

Kesho yake mkuu alifika msibani, macho mekundu. "Pole sana, dada."

"Asante. Fungua simu yako, mkuu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kwenye folda ya watoto."

Akafungua. Folda ilikuwepo, jina lake juu kama mmiliki. Ndani hapakuwa na kitu.

"Nani amewaambia makao makuu?" dada akauliza.

"Mimi. Asubuhi. Nilitaka watume gari la mazishi mapema."

Dada alionyesha simu kwa kidole. "Alisema zinakaa siku chache kabla ya kufutwa. Mpigie aliyeifunga akaunti. Mwambie azirudishe, aziweke kwenye ile hifadhi ya karakana. Si kwako. Si kwa mtu yeyote mwenye pumzi."

"Sala ndiyo inaanza, dada."

"Mungu atakungoja. Toka nje upige."

Waombolezaji wakainamisha vichwa. Dada hakufumba macho. Dirishani alimwona mkuu amesimama uani, simu sikioni, akitaja jina la marehemu herufi moja moja kwa mtu asiyemjua. Kisha akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu mno.

Alirudi akainama karibu na sikio la dada. "Za watu wazima wamezipata, zinarudi."

"Na za watoto?"

"Anabofya, dada. Anasema zimekwama kwenye yale maombi niliyoacha, mtambo umeandika inasubiri."

Watu wote wakaitikia Amina. Dada aliitikia baada yao, peke yake.