Vitufe Viwili Kati ya Hamsini

Dada yangu analipwa kubonyeza vitufe. Msicheke, mimi nilishacheka kwa niaba ya ukoo mzima. Kiwanda chao kinatengeneza kengele za wagonjwa, zile za kuvaa shingoni: ukizidiwa unabonyeza, simu ya mwanao inalia. Katika kila mzigo anachukua hamsini, kila moja anaibonyeza mara mia tano. Kidole gumba kimekuwa sugu kama kisigino. Kazini wanamwita Mama Kitufe.

Zamani kampuni ilikuwa hohehahe. Mzigo mmoja ukirudishwa na wateja, wote nyumbani. Kwa hiyo mwenye kampuni alikuwa anakuja mwenyewe kukaa naye kwenye benchi, wanabonyeza pamoja, jasho linamtiririka. Kitufe kimoja kikikataa, mzigo wote unafunguliwa.

Halafu wakanunuliwa na kampuni kubwa, yenye akiba ya kukaa miaka bila kuuza kitu. Tukashangilia. Kumbe usingizi wa dada uliishia hapo. Sasa ana mabosi sita juu yake, kila mmoja anasaini fomu ya kupitisha mzigo kwa sababu wa chini yake kasaini. Wa chini kabisa nani? Mama Kitufe.

Wiki ile vitufe viwili kati ya hamsini vilikuwa bubu. Akampelekea meneja.

"Viwili tu, dada?" meneja akasema. "Hivyo vimetengewa fungu la fedha. Mteja akilalamika, tunambadilishia."

"Na asipoweza kulalamika?"

"Saini kufikia Ijumaa, dada. Usitutie presha."

Akawa anarudi nyumbani na fomu mkobani, haijasainiwa. Na mimi, kwa akili zangu, nikaona kabatini kengele mpya waliyogawiwa wafanyakazi, inang'aa. Nikaingiza namba ya dada, ikawaka kijani, nikamvalisha mama yetu. Ile ya zamani aliyokuwa anavaa, ya enzi za njaa za kampuni, yenye ufa pembeni, nikaitupa kwenye droo nikaenda zangu.

Jioni niliporudi, mama akawa anamwambia dada, "Hii nzuri mwanangu, nyepesi, haina makelele. Ila leo nimekuita mara nne, miguu imekufa ganzi, umeninyamazia tu."

Dada akatazama simu yake. Hakuna kitu. Akanitazama mimi. Nilitamani niingie kwenye ile droo.

Ijumaa hakusaini. Akaandika kwenye fomu: "Mama yangu kaita mara nne, sikusikia." Meneja akasoma, akakuna kichwa, akaipeleka juu. Jumatatu ikaja fomu mpya, safi, yenye nafasi za saini sita. Ya dada haimo.

Mzigo ukatoka. Kazi hawakumfukuza, bado anabonyeza, ila sijui anambonyezea nani.

Siku hizi asubuhi anabonyeza kengele ya zamani shingoni mwa mama. Simu inalia mkobani, anaikata, anaaga. Anafika mlangoni, anarudi, anabonyeza tena.