Pasi ya Mama Vifungo

Mama Vifungo, mshonaji anayeshonea nyumbani, hajawahi kukubali kosa kabla ya kugomba kwanza. Siku hiyo umeme ulikatika mwalimu akisubiri suruali ya usaili, lakini cherehani iliendelea kuchapa kazi kwa betri na inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Alipochomeka na pasi, inveta ikapiga kelele, ikazima.

“Shemeji, umeniletea inveta feki!” alimfokea fundi umeme kwenye simu. “Pasi ni volti mia mbili arobaini, sawasawa na cherehani!”

“Volti ni msukumo tu, shemeji, na msukumo ni uleule. Tazama ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Cherehani inakunywa kwa kijiko, pasi inakunywa kwa ndoo.”

Mama Vifungo akasonya, akakata simu. Akainyunyizia suruali maji, akaingia nayo chumbani, akailaza chini ya godoro, akaikalia.

“Kilo tisini hizi, mwalimu,” alisema kwa sauti, “na hazijawahi kukatika!”